Elimu ya uraia na nusu iliyosahaulika ya Ibara ya 26

Tangu Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29, 2025 na vurugu zilizoandamana nao, kuna kauli moja ambayo imekuwa kimbilio la watu wa kila upande: vijana wetu hawana elimu ya uraia. Anayeitetea Serikali huisema akimaanisha kwamba kijana aliyefundwa vizuri asingeingia barabarani. Anayeilaumu Serikali huisema akimaanisha kwamba kijana aliyefundwa vizuri angezijua haki zake mapema, asingesubiri mpaka maji yafike shingoni. Serikali yenyewe ina jibu: kazi imekwishaanza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imezaa mtaala mpya, na ndani yake kuna somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha sita. Hapo ndipo ubishi unapowaka, maana somo hilo linaingia darasa kwa darasa huku Uraia na Maadili ya shule ya msingi, Civics ya kidato cha kwanza hadi cha nne na General Studies ya kidato cha tano na sita yakiondoka kama masomo yanayojitegemea. Wengine wanashangilia kwamba uzalendo umerudi darasani. Wengine wamekaa matanga ya uraia.

Kwa maoni yangu wote wanagombea jina la daftari. Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 26, ina ibara ndogo mbili tu. Ya kwanza inampa kila mtu wajibu wa kufuata na kutii Katiba na sheria za nchi. Ya pili inampa kila mtu haki, kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria, ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha Katiba na sheria hizo zinahifadhiwa. Walioiandika waliweka utii na ulinzi wa sheria chini ya paa moja, na raia kamili ni yule anayeyaweza yote mawili. Kwa miongo mingi, chini ya majina tofauti ya somo, tumefundisha ibara ndogo ya kwanza kwa vitendo na ya pili kwa kukaririsha. Utii mtoto anaufanyia mazoezi kila siku: kengele, paredi, kiranja, adhabu. Ulinzi wa sheria hana pa kuufanyia mazoezi, si shuleni wala mtaani kwake. Hili halitibiwi kwa kuandika upya silabasi, hata iandikwe na mabingwa gani.

Wapanga mitaala wa leo wangefaidika kurudi nyuma kidogo. Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Wengi wanaukumbuka kwa jembe, na waliosoma miaka ya 1970 na 1980 wana visa vyao vya mahindi waliyolima wao yakaliwa na wengine. Lakini waraka ule ulidai jambo zito kuliko jembe: kwamba wanafunzi washiriki kuamua shamba la shule liendeshweje na mapato yake yatumikeje, wapange wenyewe, na wakikosea wabebe matokeo pamoja. Kwa fikra ile, shamba lilikuwa darasa la uraia, na daftari la hesabu za mavuno lilikuwa kitabu chake cha kiada. Miaka michache baadaye jembe lilibaki mikononi mwa mtoto na daftari la hesabu likahamia ofisini. Darasani likakaa somo la Siasa, ambamo mtoto alijifunza imani na ahadi za mwanachama wa TANU: binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, cheo ni dhamana, rushwa ni adui wa haki. Ukimwamsha usiku wa manane mtu mzima wa kizazi kile, atakutajia zote bila kukwama.

Tusiyadharau maneno yale, kwa sababu kuna kipindi kifupi ambacho watu waliyachukulia kwa uzito wake. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na aya yake ya 15 ikamkataza kiongozi kuwa na majivuno, ufahari, dharau na uonevu kwa anaowaongoza. Mwongozo ulisomwa redioni na kujadiliwa viwandani. Wafanyakazi wa Dar es Salaam wakaelewa kuwa kilichoandikwa kinawahusu wao. Wakaanza kugoma na kuwafungia nje mameneja waliowaita wanyanyasaji, wakitaja aya ile kwa namba, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha Mount Carmel Rubber wakafikia kukitwaa kiwanda chenyewe. Wimbi hilo lilizimwa baadaye. Sijui kama nchi hii imewahi kuwa na kampeni ya elimu ya uraia iliyofaulu kuliko ile: raia wa kawaida alisoma maandishi ya mamlaka, akayaelewa, akamshika nayo bosi wake. Na ndiyo sababu haikurudiwa. Serikali yoyote inayosema inataka wananchi waelewe haki zao inapaswa kujiuliza kama iko tayari kwa siku watakapozielewa.

Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992 kwa ushauri wa Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ambayo ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, ikashauri hata hivyo mabadiliko, na ikasisitiza elimu ya uraia kwa umma. Siasa ikaondoka shuleni, Uraia ikaingia. Silabasi ya sekondari ilikuwa nzuri kwenye karatasi: alama za Taifa, haki za binadamu, mihimili ya dola, demokrasia na uchaguzi, jinsia, hata usalama barabarani. Lakini tazama lilivyofundishwa. Somo lilifundishwa kwa Kiingereza, tena kwa mtoto wa kidato cha kwanza aliyetoka darasa la saba ambako kila kitu alikisoma kwa Kiswahili. Kwa hiyo mgawanyo wa madaraka, jambo ambalo bibi yake angelielewa kwa mfano wa mwenyekiti wa kijiji na mwanawe mweka hazina, yeye alilipokea kama msamiati wa kigeni. Katika shule nyingi kipindi alipewa mwalimu yeyote mwenye nafasi, kwa imani kwamba Civics kila mtu anaiweza. Na mtihani ukauliza kwa mtindo tunaoufahamu: eleza faida za demokrasia kwa hoja sita. Mwanafunzi mwerevu aliandika utangulizi, hoja sita na hitimisho, akapata alama zake. Hoja ya saba hakuulizwa, wala hakuulizwa iwapo zile sita amewahi kuziona zikifanya kazi mahali popote.

Tukilitazama hivyo, hoja za wanaotetea somo jipya zina nguvu kuliko wakosoaji wanavyokiri. Historia ya nchi ni msingi halali wa uraia. Kijana asiyejua kwamba watu wa kusini walipigana Maji Maji kuanzia mwaka 1905, asiyejua Muungano wa Aprili 26, 1964 ulifikiwaje na nani waliuhoji, hana pa kusimama anapojadili Katiba mpya. Hayati John Magufuli alipoagiza Desemba 2020 kwamba historia ya Tanzania ifundishwe kama somo, wengi waliona ni siasa za uzalendo, na huenda zilikuwemo. Hata hivyo pengo alilolitaja lilikuwepo kweli. Jambo jingine, ambalo watetezi wenyewe hawalisemi sana, ni kwamba somo hili linafundishwa kwa Kiswahili mpaka sekondari. Hiyo kwangu ndiyo hatua kubwa kuliko zote kwenye mabadiliko haya. Kwa mara ya kwanza baada ya miongo mitatu, mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kwenda nyumbani na daftari la somo linalohusu dola, akamsomea mzazi, na mzazi akabisha.

Wakosoaji nao wana neno. Somo linalounganisha historia na maadili lina mvuto wake wa kuegemea upande mmoja. Maadili, kama tunavyoyafundisha, ni adabu: heshima kwa wakubwa, uaminifu, bidii, mavazi. Hakuna ubaya katika hayo. Mzazi gani hayataki? Lakini adabu inamwelekeza mtoto kwa mkubwa wake, ilhali uraia unamwelekeza kwa sheria inayowafunga yeye na mkubwa wake sawasawa. Haki za binadamu, mihimili ya dola na uchaguzi visipokuwa na vipindi vyake, vitapata aya mbili mwishoni mwa sura ya mapambano ya uhuru. Tena historia yenyewe inaweza kufundishwa kama orodha ya mashujaa walioshamaliza kazi, kiasi kwamba kilichobaki kwetu ni kushukuru. Hofu hiyo naiona ya haki. Ninachokataa ni dhana kwamba Civics ilikuwa ngome ambayo sasa imebomolewa. Kama ngome ile ilikuwepo, waliohitimu ndani yake ndio vijana tunaowasema leo hawana elimu ya uraia.

Kuna kisa ambacho kingeweza kufundisha historia, maadili na uraia kwa pamoja, na sijui mwanafunzi anayekutana nacho shuleni. Mchungaji Christopher Mtikila, mtu asiyependwa na wengi na mwenye kauli nyingine ambazo sitazitetea, alikwenda Mahakama Kuu Dodoma mwaka 1993 kupinga sheria zilizomtaka mgombea lazima awe na chama na zilizoutaka mkutano uwe na kibali cha polisi. Upande wa Serikali ulihoji ana masilahi gani binafsi katika jambo hilo. Jaji Kahwa Lugakingira, katika hukumu ya mwaka 1994, alimpa nafasi ya kusikilizwa kwa kutumia Ibara ya 26(2), ile nusu tunayoisahau: raia yeyote anaweza kuja mahakamani kuitetea Katiba. Mtikila alishinda kuhusu mgombea binafsi na kuhusu vibali vya mikutano. Kabla wino haujakauka, Bunge likapitisha mabadiliko ya Katiba yaliyomfungia mlango mgombea binafsi. Akarudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu, akakwama Mahakama ya Rufani mwaka 2010, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha, ambayo mwaka 2013 iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki zake. Mpaka leo mgombea binafsi hayupo. Darasa moja lingeweza kukaa na kisa hicho wiki mbili. Lingejifunza mahakama ni nini, Bunge lina nguvu gani, hukumu ina mipaka gani, na kwamba mtu unayemchukia anaweza kuwa ndiye aliyekulindia haki yako ya kukutana na wenzako. Lingejifunza pia subira, ambayo ndiyo maadili yenyewe.

Sasa niijie hoja dhaifu kuliko zote, ile inayosema vijana wangefundishwa uraia nchi ingetulia. Inachanganya elimu na dawa ya usingizi. Mtafiti Steven Finkel alipima programu za elimu ya uraia kwa watu wazima katika Jamhuri ya Dominika, Poland na Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1990. Alikuta kwamba mhadhara wa mara moja hauachi alama yoyote ya maana. Kinacholeta tofauti ni vikao vinavyorudiwa, njia shirikishi, na mkufunzi anayelijua somo na kuaminiwa. Na alikuta jambo ambalo wafadhili hawakulitarajia: katika Jamhuri ya Dominika, waliofundishwa walipunguza imani yao kwa taasisi za nchi. Hawakuharibiwa akili. Walipewa kipimo, wakapima, wakaona taasisi hazifiki. Majirani zetu Kenya wametuonyesha hilo karibu zaidi. Juni 2024 vijana waliusoma Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama kwenye video fupi, wakafafanua kodi ya mkate na ya mafuta ya kupikia kuliko wabunge walivyofafanua. Rais William Ruto alikataa kuutia saini Juni 26, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa na watu kupoteza maisha. Vijana wale hawakuwa zao la mtaala mpya wa umahiri, unaoutaja uraia kama mmojawapo wa umahiri wake saba; walisoma mfumo uliotangulia wa 8-4-4, na muswada waliufundishana wenyewe kwenye simu. Anayetaka utulivu atafute haki na riziki. Elimu ya uraia kazi yake ni kumwezesha mtu kuuliza, na baadhi ya maswali hayatulizi.

Pacha wa hoja hiyo ni ile inayosema wananchi bado hawajaelimika, tuwafundishe kwanza, mengine yafuate. Agosti 2023 aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria, Dk Damas Ndumbaro, alitangaza kwamba mchakato wa Katiba mpya ungetanguliwa na miaka mitatu ya kutoa elimu ya Katiba kwa umma kuanzia Septemba mwaka huo. Hesabu hiyo inaishia Septemba 2026. Sipingi elimu ya Katiba. Nakala za Kiswahili chepesi zikifika vijijini ni jambo jema. Ninachopinga ni mpangilio wake. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi kuanzia mwaka 2012 ikikusanya maoni, na mamia ya maelfu ya wananchi walijitokeza. Wavuvi na wakulima walizungumzia muundo wa Muungano, madaraka ya Rais na ukomo wa ubunge bila kuhudhuria semina yoyote ya miaka mitatu. Kisha yakaja mabaraza ya katiba ya wilaya mwaka 2013, Bunge Maalumu mwaka 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa hadi leo. Kipindi kile kifupi mtu aliweza kukaa kijiweni akasikia wauza samaki wakibishana Muungano uwe wa serikali mbili au tatu, na kila mmoja akiwa na sababu zake. Walielimika kwa sababu waliulizwa. Kuwaambia watu wale wale, miaka kumi baadaye, kwamba wakafunzwe kwanza ndipo waulizwe ni kuwarudisha darasa walilokwishalimaliza.

Hapo tunatoka shuleni na kufika mahali ambapo elimu hii huishi au kufa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inaufanya mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, kuwa mamlaka ya juu kabisa ya kijiji. Ndio unaoichagua halmashauri ya kijiji, na ndio wenye uwezo wa kuiondoa. Unapaswa kuitwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Tuna vijiji zaidi ya 12,000. Yaani tuna madarasa ya uraia zaidi ya 12,000 ambayo hayahitaji jengo wala mfadhili. Nilikaa kwenye mkutano mmoja wa namna hiyo mkoani Morogoro, chini ya mkungu, karibu na zahanati ambayo ujenzi wake ulikuwa umeishia kwenye linta. Mtendaji alisoma taarifa mbio mbio, kama mtu anayekimbia mvua. Bibi mmoja aliyekaa kwenye kanga yake alinyoosha mkono: "Mwanangu mtendaji, rudia hapo kwenye saruji." Akarudia: mifuko 60. "Hapo ukutani iliyoingia haifiki hiyo. Fundi ni mjukuu wangu." Watu wakacheka, mtendaji akasema, "Bibi, tutalifanyia kazi," mwenyekiti akataka kuendelea na ajenda nyingine, na kijana mmoja aliyevaa fulana ya shule akasimama kudai iandikwe kwenye muhtasari. Ikaandikwa. Hakuna aliyeitaja Ibara ya 26, lakini wote wawili walikuwa ndani yake. Bibi yule hakuwahi kusoma Civics. Alichokuwa nacho ni mkutano ulioitwa, taarifa iliyosomwa kwa lugha anayoijua, na uhakika kwamba akiuliza hatalala polisi.

Uhakika huo wa tatu ndio unaopungua. Mikutano ya hadhara ya vyama, nje ya kampeni za uchaguzi, ilizuiwa tangu mwaka 2016 mpaka Januari 2023, yaani mtoto aliyekuwa kidato cha kwanza zuio lilipoanza aliweza kuhitimu cha sita bila kuona mkutano wa kawaida wa chama cha upinzani kwao. Alisoma mfumo wa vyama vingi kama mtu anavyosoma habari za theluji. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, CCM ilitangazwa kushinda takriban asilimia 99 ya nafasi za wenyeviti wa vijiji, baada ya malalamiko makubwa ya wagombea wa upinzani kuenguliwa. Mwaka 2025 chama kikuu cha upinzani hakikuwemo kwenye uchaguzi, na siku ya kupiga kura intaneti ilizimwa. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitoa elimu ya mpiga kura, na wajibu wake iliufanya: jinsi ya kujiandikisha, kuhakiki taarifa, kutumbukiza karatasi. Lakini elimu ya namna ya kupiga kura haimsaidii mtu ambaye kwenye karatasi yake mgombea wa udiwani ni mmoja. Mwalimu wa darasani naye anayaona haya. Anafundisha hoja sita za demokrasia asubuhi, jioni anaambiwa ajichunge na anachoandika WhatsApp. Wanafunzi humsoma mwalimu kabla ya kusoma kitabu. Woga wake ni sehemu ya somo.

Upande wa Serikali utajibu, na una haki, kwamba haiwezekani kusubiri siasa zote zinyooke ndipo tufundishe. Nakubali. Ndiyo maana napendekeza tuanzie penye gharama ndogo, mahali ambapo hakuna chama kinachopoteza kiti. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, shule za umma hupokea ruzuku ya uendeshaji inayokokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, sehemu yake ikitengwa kwa vitabu. Taarifa ya fedha hizo inatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Pita shuleni kwenu uangalie. Ukiikuta, mara nyingi ni karatasi iliyopauka, ya robo mwaka isiyojulikana, imebandikwa juu kiasi cha kumshinda mtoto wa darasa la tano. Ishushwe. Kila muhula mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili awapeleke wanafunzi wa kidato cha pili mbele ya ubao ule: wakokotoe shule yao yenye idadi fulani ilipaswa kupata kiasi gani, ilipata kiasi gani, chaki na mitihani vilikula kiasi gani, na mkuu wa shule aje ajibu maswali yao. Viranja wachaguliwe bila majina kuchujwa kwanza na walimu. Wa kidato cha tatu wahudhurie mkutano wa kijiji au mtaa mara mbili kwa mwaka, waandike muhtasari, wakipata alama za tathmini endelevu. Hili ni lile lile la mwaka 1967, kasoro jembe.

Najua kitakachosemwa: kwamba wakuu wa shule watadharauliwa. Nimesikia pia kwamba watoto watatumiwa na wazazi wenye visasi na kamati ya shule, na hilo kweli linaweza kutokea, kwa hiyo utaratibu wa maswali uwepo na mwalimu ausimamie. Lakini mkuu wa shule anayeogopa swali la mtoto wa miaka 15 kuhusu shilingi milioni chache ndiye atakayekuwa mkurugenzi anayeogopa swali la diwani kuhusu mabilioni. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali husomwa kila mwaka, tunashtuka wiki mbili, tunasahau. Pengine tungesahau polepole zaidi kama tungekuwa tumezoea kusoma hesabu tangu tukiwa na sare.

Walioanza kidato cha kwanza kwa mtaala huu mwaka 2025 watafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2028. Mwaka 2029, uchaguzi ujao wa serikali za mitaa, wengi wao watakuwa na miaka 18, na mwaka 2030 watapiga kura yao ya kwanza ya urais. Kwa hiyo karatasi ya Historia ya Tanzania na Maadili ya mwaka 2028 itatuambia mengi kuliko hotuba zote za uzinduzi. Baraza la Mitihani likiuliza taja sababu sita za Vita vya Maji Maji na maana ya uzalendo, tutajua kwamba tumebadilisha jalada. Likimpa mtahiniwa taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji, yenye mifuko ya saruji isiyolingana na ukuta, likamtaka aeleze kasoro iko wapi, apeleke malalamiko kwa nani, kwa sheria ipi, na afanye nini asipojibiwa, walimu wa nchi nzima wataanza kufundisha hivyo kuanzia Januari inayofuata, kwa sababu walimu wetu hufundisha kinachotahiniwa. Muda uliobaki wa kuandaa swali la namna hiyo unatosha.